Kocha Lyuben Kwenye Kitanda cha Mionzi

Lyuben Gergov alifundisha mieleka pale mjini Lom tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kabla ya mashindano aliwanyima wanafunzi wake maji mpaka midomo ikawapasuka, ili wapungue uzito. Sisi majirani tulimpenda, na tulimwogopa kidogo. Siku alipoambiwa ana saratani ya tezi dume, alirudi nyumbani akamwambia mkewe Radka, "Nitaiangusha."

Radka alikuwa anamenya pilipili za kuchoma. "Jiangushe kwenye kiti kwanza, ule."

Zikaanza sindano za kuzima homoni za kiume. Kifua kikamvimba kama cha msichana, jasho likamtoka katikati ya baridi, akaacha kuvua fulana mbele ya mkewe. Kisha ikaja mionzi, kila siku ya kazi, katika hospitali ya mkoa, wakienda wote wawili kwa basi la asubuhi.

Fundi wa mionzi alikuwa dada mmoja, Elitsa. Alimweleza taratibu kwamba tezi haitulii. Leo iko hapa, kesho imesogea kidogo. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kuwasha mionzi, atampaka ute wa baridi chini ya kitovu, amkandamize na kifaa cha ultrasaundi mpaka aione tezi kwenye skrini, halafu asogeze kitanda ili mionzi ipige palepale. Ila kibofu lazima kiwe kimejaa, la sivyo picha haitoki vizuri.

"Yaani ninywe maji, halafu nibane?"

"Ubane, babu. Mpaka nimalize."

"Binti, mimi nimebana majitu ya kilo mia."

Akacheka, na Elitsa akacheka.

Mwanzoni aliweza. Lakini mionzi ilikichubua kibofu, kila tone likawa moto. Asubuhi moja mashine iligoma, foleni ikasimama. Lyuben alikaa kwenye korido ameshajaza kibofu, mapaja ameyabana, na hakukubali kwenda msalani. Alipoitwa akapanda kitandani. Elitsa akaweka kifaa, akakandamiza, na mkojo ukatoka. Ukalowesha shuka, ukachuruzika mpaka sakafuni. Lyuben akajifunika uso kwa kiganja.

"Hutokea, babu. Wengi huwatokea hapa."

"Mimi si wengi," akasema chini ya kiganja.

Tangu siku hiyo Radka alibeba suruali ya akiba, na kwenye basi mumewe alikaa kiti cha mbali naye. Hata hivyo hakukosa siku. Alimaliza yote.

Vuli ilipofika mgongo ukaanza kumuuma. Akadhani ni mieleka ya zamani. Walipompiga picha, uti wa mgongo ulikuwa na madoa. Daktari akasema ugonjwa ulishatoka kwenye tezi kabla hata ya matibabu, ukiwa mdogo mno kuonekana.

Lyuben akamsubiri Elitsa mlangoni.

"Niambie kweli. Ile tezi, mlikuwa mnaiona?"

"Kila siku, babu. Hatukukosa hata mara moja."

"Basi mmepiga nyumba, mwenyewe kashahama."

Elitsa akamshika mkono wa koti. Lyuben akautoa, taratibu tu, bila hasira.

Baada ya hapo alilala akitazama ukuta. Wanamieleka wake wa zamani walikuja na chupa ya pombe ya plamu, masikio yao yamekunjamana kwa miaka ya mieleka, wakabaki barazani. "Wasinione," alimwambia Radka, na Radka akatoka kuwaambia amelala. Walijua hajalala. Walikunywa wamesimama, wakaondoka.

Alifariki mwezi Machi. Mwishoni Radka alikuwa akimgeuza peke yake kitandani, mwanamke yule mfupi.

Juzi nilimkuta uani anaanika mashuka. Nikasema lile tunalosema sote, kwamba angalau mzee alipigana.

"Alipigana," akasema. "Na ningemwambia asipigane, jirani, angalau angekaa na mimi kiti kimoja kwenye basi."

Nikamsaidia kukamua shuka.