Springi kwa Kiarabu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini maneno hayakuniacha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya arobaini, nilipokuwa utingo wa lori la Mwarabu mmoja wa Shinyanga, nilikuwa nimekwisha kulima pamba ya watu, kubeba magunia na kusukuma matoroli machimboni Geita. Kila mahali niliokota maneno kama mtu anayeokota misumari njiani, kwa kuwa huenda siku moja ikafaa.

Lililonisumbua kuliko yote ni springi. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ni msimu huko Uingereza, majani yanapochipua baada ya baridi. Geita nikakuta kibao chenye neno lilelile kando ya maji yaliyobubujika mwambani, na nyapara akaniambia ndipo maji yanapotokea. Nikaja kwenye lori, springi zikawa vyuma bapa vilivyopangwa tabaka chini ya bodi. Karani mmoja akaniongezea kwamba hata kuruka ghafla ni hivyohivyo. Nikawa nawaza: hawa watu waliotengeneza gari walishindwaje kutengeneza maneno ya kutosha?

Dereva wetu, Msukuma wa upande wa Kagongwa, nilipomuuliza alinijibu bila kugeuka. "Springi ni kitu kinachovunjika. Basi."

Alikuwa na sababu. Mwaka ule zilikuwa zimemvunjikia mara mbili. Asubuhi moja tukipakia mchele, chumvi na vitambaa vya kupeleka kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, yule Mwarabu, tajiri wetu, alisimama mbele ya wapagazi wote akaapa. "Wallahi, springi ikivunjika tena mkononi mwako, gari hili huliendeshi tena!" Kisha akapanda mwenyewe kuangalia dereva anavyoendesha.

Dereva aliendelea kukaza kamba za mizigo. Kazi nyingine hakuijua, na nyumbani alikuwa na mke na watoto waliozoea kula. Isitoshe, dereva aliyefukuzwa na Mwarabu mmoja hakupokewa na mwingine. Habari zilisafiri haraka kuliko malori.

Tulikuwa tunatoka kwenye korongo lililokauka tukasikia mlio kama fimbo inayovunjwa gotini. Lori likalala upande. Tajiri alishuka polepole, akatandika mkeka kwenye kivuli cha gari, akatoa tasbihi.

"Mdogo wangu, leo nimekwisha," dereva aliniambia kwa sauti ya chini. "Kaa naye. Msemeshe asije huku."

Akaelekea kwenye boma moja karibu na njia. Nilimsikia akimwamkia mama wa pale, "Mwangaluka, mayu," na kuulizia ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokuwa imewambwa uani. Mimi nikakaa pembeni ya mkeka. Kumsemesha sikujua, kwa hiyo nikauliza nilichotaka kujua.

"Tajiri, springi kwa Kiarabu ni nini?"

Alinitazama kama nimemkanyaga. "Springi ndiyo imeniketisha njiani, nawe waniuliza springi?"

"Nauliza kwa sababu kwa Kiingereza ni vitu vingi."

"Vingi vipi?"

Nikamwambia. Kabla ya kufungua duka alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ualimu haukuwa umemtoka. Tasbihi ikasimama.

"Pale maji yatokapo ni ain," alisema. "Ule msimu ni rabii. Kuruka ni kafaza. Waona? Kila kitu na jina lake. Waarabu si wavivu."

"Na ain ni maji tu?"

Akajikuna ndevu. "Ain ni jicho pia."

"Jicho na chemchemi, neno moja?"

"Na dhahabu. Katika vitabu vya zamani, dhahabu taslimu nayo ni ain." Alianza kucheka kabla sijasema kitu. "Haya, nyamaza. Nimejua unataka kusema nini."

"Na ile ya gari?"

Hapo akanyamaza mwenyewe. Alijaribu neno moja, akalikataa. Akajaribu jingine. "Kijijini kwetu hapakuwa na gari," alisema mwishowe. "Palikuwa na ngamia. Ngamia hana springi."

Wakati huo dereva alikuwa ameshachonga gogo, amelibana kwenye chuma kilichovunjika na kuzungushia vipande vya ngozi mbichi, akivuta kwa meno na miguu. Ngozi hiyo ikikauka hukaza kuliko waya. Tukapanda. Njia nzima tajiri hakutaja kiapo. Alikuwa akinong'ona maneno ya Kiarabu.

Nyarugusu tulifika mchana, ngozi imekauka kama mfupa. Tajiri alikwenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa Mshihiri mmoja, Mwarabu mwenzake aliyewahi kufanya kazi bandarini Adeni, nami nikamfuata. Hata salamu hazijaisha, akamuuliza kuhusu kile chuma.

"Zumburuki," alijibu Mshihiri. "Lakini usijivune nalo. Nasikia limetoka kwa Waajemi."

Tajiri alilirudia kama anayeonja halua. Nami nikalirudia. Ndipo tukasikia dereva akipiga kelele.

Mbwa wa machimboni walikuwa wamepata harufu ya ngozi. Tulikuta wanne wamejipanga chini ya lori wanatafuna, mmoja anakimbia na kipande kirefu, na lori limelala tena ubavu. Dereva alikuwa amekaa chini, funguo mkononi. Alimnyooshea tajiri bila kuinuka.

Tajiri hakuzipokea. Niliona kwamba hakutaka kuzipokea. "Nimeapa," alimwambia Mshihiri, karibu kama anayelalamika. "Nimeapa kwa Mungu mbele ya watu."

"Toa kafara, Sheikh. Lisha maskini kumi, kiapo kifunguke. Nitakupikia pilau mimi."

Wali ulipoiva, dereva akatoka nje kuwaita. "Maskini, njooni mle!"

Hakuja mtu. Wachimbaji walikuwa wamesimama pale, matope hadi magotini, pua zao zimeelekea sufuriani.

"Maskini nani?" mmoja alifoka. "Chunga mdomo, dereva. Mwezi ujao nakuajiri uendeshe gari langu."

"Peleka wali wako misheni," mwingine akadakia. "Hapa kuna matajiri watarajiwa tu!"

Wakacheka, na dereva akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayezama. Alitazama lori, kisha akachukua birika la maji ya kunawa akaketi nalo mlangoni.

"Ndugu zangu," alisema, "siwaulizi mwezi ujao. Nauliza leo. Nani leo hana cha kula?"

Yule mwenye gari la mwezi ujao ndiye aliyenyoosha mikono kwanza. "Leo sina," alisema, "lakini ijulikane ni leo tu." Wengine wakafuata, wakinawa bila kutazamana.

Tajiri alihesabu kwa tasbihi. Walikuwa tisa. Akageuka.

"Wewe una nini?" aliniuliza.

"Shati hili, na shuka."

"Nyumba?"

"Sina."

"Basi keti."

Sikuwahi kujiona maskini. Nilijiona msafiri. Nilinawa, nikaketi kati ya wachimbaji, na dereva akanitazama nikitia tonge la kwanza kinywani kama anayetazama jeki ikipandisha gari. Nilipomeza, tajiri alimwambia, "Haya, funga hiyo zumburuki yako twende."

Ngozi nyingine ilipatikana. Katika safari ya kurudi, kila tuliposimama penye nyumba, tajiri alikuwa wa kwanza kushuka, fimbo mkononi, akasimama kando ya gurudumu la nyuma akiwafukuza mbwa. Dereva alibaki ameketi kwenye usukani wake.