Shauri Yake

Nakumbuka siku moja, Ijumaa, nilipokuwa nikimmiminia baba yangu maji ya kutawadha, akatazama chini miguuni pake na mkono wake ukabaki hewani. Alikuwa amesimama juu ya mawe mapya. Nilijua yametoka wapi, na yeye alijua kunishinda, kwa sababu aliyabeba mwenyewe siku ya maziko. Mwanangu, sijauona tena uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi wamekuchagua uingie halmashauri. Nilipiga vigelegele kama wengine, bila shaka ulinisikia, sauti bado ninayo. Lakini kaa kidogo nikueleze jambo kabla hujakizoea kiti.

Baba yangu, babu yako ambaye hukumkuta, alikuwa faki, yaani mwalimu wa Kurani, na ndiye aliyetuswalisha pale Awindiri, mtaa wa Arua, Uganda. Sisi Wanubi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudan, kwa hiyo nyumba nyingi zetu zilikuwa na mtu jeshini. Kwetu alikuwa kaka yangu Rajabu. Miaka ile ya sabini, wanajeshi waliposhika serikali, vijana wa Koboko na Arua walipanda vyeo upesi kuliko walivyokua. Rajabu akaletwa kwetu kuwa chifu wa gombolola, yaani wa tarafa nzima, na magwanda yake, na gari, na askari wawili wenye bunduki. Mtaa mzima ukasema sasa zamu yetu imefika. Mama alipika hadi sufuria zikamwishia, akaazima za jirani.

Rajabu hakuwa mtu mbaya. Sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu yangu. Angekuwa mbaya ningesema, unanijua. Alikuwa mtu wa haraka, na alikuwa na neno lake: shauri yako. Unajua tunavyolisema huku, kwamba mimi nimekwisha sema, ukikataa utajijua. Mtu akileta kesi ya mpaka wa shamba, shauri yako. Watu wakiomba mkutano, shauri yenu. Sisi nyumbani tulimwigiza na kucheka, maana nani asiyependa kuwa na kaka anayeogopwa?

Msikiti wetu ulikuwa mdogo. Siku ya Ijumaa nusu ya watu waliswali nje, na mvua ikija walinyeshewa wakiwa wamesujudu. Upande wa pili wa ua alikaa Mama Candiru, Mlugbara, Mkristo, mjane wa Mzee Ezati. Alikuwa na nyumba moja ya nyasi, muhogo kidogo, na kaburi la mumewe mbele ya mlango, kama Walugbara wanavyozika. Juu ya kaburi walipanga mawe makubwa bapa ya mtoni. Baba na Mzee Ezati walikuwa wakigombana kila siku juu ya mbuzi na kupatana kabla ya jioni, na alipokufa, baba alikuwa mmoja wa waliobeba yale mawe.

Basi baba akaenda Koboko kwenye msiba wa binamu yake, akakaa huko siku kadhaa. Huku nyuma Rajabu akaona afanye jambo kubwa la kumfurahisha. Akawatuma askari wamwambie Mama Candiru ahame, kiwanja kinakuwa cha msikiti. Mama wa watu akauliza, na kaburi je? Wakampelekea Rajabu swali hilo, akajibu kwa neno lake. Muhogo ukang'olewa, nyumba ikabomolewa, ardhi ikasawazishwa, mikeka ikatandikwa. Mama Candiru alikuja kwetu na godoro lake na kuku wawili, akakaa jikoni na mama yangu. Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba hakulia.

Waumini wengine walifurahi, nisikufiche. Walisema dini imepata nafasi. Na mtu mmoja, ambaye simjui mpaka leo, aliona mawe bapa yamelala bure, akayapanga pale watu wanapotawadhia ili wasikanyage tope.

Sasa rudi nami pale nilipoanzia. Baba aliteremka kwenye lori la Koboko saa ya swala imeshafika, akaja moja kwa moja msikitini, hakupitia nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nimeteka maji, nikamshikia birika, huku natafuta maneno ya kumwambia. Sikuyapata. Akayatambua mawe kwa nyayo zake.

Alishuka taratibu kama mtu aliyekanyaga mtoto. Akatazama ng'ambo, akaona mikeka mahali penye muhogo. Kisha akaingia kati ya watu na miguu yake iliyolowa, hadi safu ya mbele alipokaa Rajabu. Nyumbani tulisema Kinubi, lakini msikitini walikuwamo Wakakwa na Walugbara pia, na alitaka kila mtu asikie. Akasema kwa Kiswahili chetu cha kambini.

"Rajabu, shamba ya Candiru nani amekupa?"

"Iko ya msikiti sasa, Baba. Serikali imetoa. Kila Ijumaa watu iko kwa mvua."

"Yeye alisema nini?"

"Niliambia yeye atoke. Kama anakataa, shauri yake."

Baba akamwinamia. Nilikuwa nimesimama penye mkeka wa wanawake, birika bado mkononi, na nilisikia maji yakidondoka juu ya mguu wangu.

"Yake," akasema. "Wewe mwenyewe umesema shauri iko yake. Sasa kama shauri iko yake, wewe umekata namna gani, na hujauliza mwenyewe?"

Mwanangu, neno lile nililisikia tangu utotoni, nalisema sokoni, nalisema nikigombana na wifi zangu, na sikuwahi kulisikia. Lilikuwa limebeba haki ya mtu ndani yake wakati wote, nasi tunalitupa kama ganda la ndizi.

Rajabu akasema chini chini, "Baba, yule si mutu ya msikiti."

"Mungu atakuuliza juu ya yeye, kama vile atakuuliza juu ya mimi. Mutume alikuwa anauliza watu wake kabla ya kukata neno. Wewe iko nani, hutaki kuuliza? Cheo wamekupatia iko amana, si urithi. Mimi siswalishi juu ya kitu ya kunyang'anya. Na leo nimetawadha juu ya kaburi ya rafiki yangu."

Akachukua ngozi yake ya kuswalia, akatoka, akaitandika kando ya barabara kwenye vumbi. Wale askari wawili walikuwa pale pale na bunduki zao. Mmoja akamgeukia Rajabu, "Afande, tufanye nini?" Nataka uelewe swali lile. Miaka ile mtu aliitwa kidogo tu, nje hapo, na asirudi, kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliwaza kwamba kaka yangu akisema neno lake mara moja tu, shauri yenu, basi baba yetu amekwisha.

Rajabu hakusema. Alitazama mikono yake. Halafu akavaa viatu, akaenda kwenye gari, wakaondoka, na swala ya Ijumaa hakuswali. Muadhini akainuka kwanza, akamfuata baba barabarani, kisha mzee mmoja fundi cherehani, kisha wengi. Wachache walibaki kwenye mikeka, kwa hofu au kwa aibu, sijui.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, mama aliacha alichokuwa akifanya. Baba alimpa Mama Candiru chumba chake, yeye akalala barazani, akaendelea kufundisha watoto kama kawaida. Nilimkasirikia. Niliona amewaweka watu wawili mbele yetu sisi wanawe, mjane aliye hai na mzee aliyekufa.

Asubuhi moja Rajabu akaja. Alikuja kwa miguu, peke yake, amevaa kanzu. Mama alisimama mlangoni akiziba njia, hajui amkumbatie au amfukuze. Rajabu akampita, akaenda mpaka kwa Mama Candiru aliyekuwa akichambua simsim, akachuchumaa mbele yake.

"Mama," akasema, "shauri yako iko nini?"

Mama Candiru akatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine anayeulizwa. "Iko nauliza mimi?"

"Naam, wewe."

Akafikiri. Mikono yake haikuacha simsim. "Mawe," akasema. "Kwanza rudisha mawe ya bwana yangu."

Akayarudisha mwenyewe. Chifu wa gombolola, jua limewaka, watu wamejipanga barabarani wameziba midomo, anabeba mawe moja baada ya jingine kutoka kwenye tope la maji ya udhu mpaka kwenye kaburi la Mkristo. Jiwe la mwisho lilimshinda. Baba aliwaacha wanafunzi wake, akaja akashika upande wa pili. Na hapo ndipo Mama Candiru alipolia.

Nyumba yake ilijengwa tena, na sisi tukaendelea kunyeshewa siku ya Ijumaa. Rajabu hakukaa sana kwenye kiti. Wakubwa walisikia, wakasema ni mlaini, wakamrudisha kambini Koboko. Aliyeletwa badala yake hakuwa na baba pale Awindiri. Aliyoyafanya siyaandiki hapa, kwa sababu nikiyaandika sitalala.

Ndiyo maana nakusihi, mwanangu. Neno shauri limo ndani ya halmashauri, usilitoe ukabaki na kiti kitupu. Kabla ya kukata jambo la mtu, nenda kwake umuulize, na umuulize hasa yule asiyeswali nawe, asiyekupigia kura, asiye na wa kumsemea. Usimpe Mungu zawadi uliyomnyang'anya mja wake. Na usingoje baba yako akukemee mbele za watu, maana wengi wanaokalia viti hawana tena wa kuwakemea, na wewe mimi sitakuwapo siku zote.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kuvumilia jibu. Kila unapoweka mguu, pawe ni mahali ulipokaribishwa. Na siku yako ikifika, majirani wako wayabebe mawe yako kwa hiari yao. Amina.