Likizo ya Kisumu

Nikisikia harufu ya karanga zikikaangwa, naikumbuka meza yetu ya Nakawa. Mama alikaanga za safari, baba akatandaza ramani. "Chagueni tutakaposimama," akawaambia kaka na dada yangu, vijana wabishi. Kaka alitaka Jinja, aone bwawa. Dada alitaka Tororo, apande mwamba.

"Mwisho Kisumu, kwa shangazi yenu," baba akasema.

Tulisimama kote. Mpakani mwanajeshi akauliza, "Nyinyi nakwenda wapi?" Wale wawili walikuwa bado wakibishana ni wapi palipendeza zaidi. Akacheka, akatufungulia.

Mlangoni kwa shangazi baba alilia. Wenzake wawili kazini walikuwa wamechukuliwa na wanajeshi, akatuambia, haturudi tena.

Namshukuru mpaka leo kwamba kwanza alitupa likizo.