Mshale Uliosema Arobaini

Kwa miaka kumi na moja mkunga aliendesha pikipiki yake bila kujua anakwenda kasi gani, na hakuona kama amepungukiwa na kitu. Mita ya spidi ilikuwa imekufa, mshale wake umelala kwenye sifuri. Mita ya pili, ya mizunguko ya injini, ilijaa ukungu hata usione ndani kuna nini. Yeye alikwenda kwa sikio. Injini ikiimba, sawa. Ikilalamika, alibadili gia. Ikipiga makelele, ujue kuna mtoto mahali asiye na subira.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, ya taa moja ya duara na siti ndefu iliyoshonwa upya mara tatu. Kituo cha afya kilimkabidhi alipoanza kazi, na kilipoleta mpya kikamwachia ile ya zamani iwe yake moja kwa moja. Kila asubuhi aliitumia kuwatembelea wazazi wapya majumbani, kupima vichanga na kukagua vitovu. Watu walimwita Mama Ngurumo, maana alisikika kabla hajaonekana. Wapo wanawake walioapa kwamba uchungu ulipungua nusu waliposikia tu ile pikipiki inakata kona.

"Uchungu haupungui," alikuwa akiwaambia. "Kinachopungua ni hofu."

Mwaka ule, siku ya kukaguliwa vyombo vya moto, alimkuta mkaguzi mgeni, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alizunguka pikipiki, akabonyeza, akatikisa, akawasha na kuzima.

"Mama, breki nzuri. Taa nzuri. Tairi nzuri. Sasa niambie, spidi unaisoma wapi?"

"Naisikia."

"Unaisikia?"

"Kama unavyomsikia mtoto akilia ukajua hii ni njaa, hii ni nepi."

Mkaguzi alicheka, lakini kalamu yake haikucheka. Aliandika kwamba mita hazifanyi kazi, zibadilishwe, chombo kirudi baada ya siku kumi na nne.

Kurudi nyumbani, mkunga alimpa mumewe ile karatasi. Mumewe alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama kabati, kimebanwa kati ya muuza simu na mshona nguo, na siku hizi, watu wakitazama saa kwenye simu zao, alikuwa akishinda anabadilisha betri na mikanda tu. Aliisoma karatasi, uso ukamng'aa.

"Mita ni saa tu iliyokosa adabu," alisema. "Lete nizione."

Alizifungua juu ya meza ya chakula, lenzi jichoni. Kutu ilikuwa imekula kila kitu, na ile springi nyembamba kama unywele ilikuwa imekatika vipande viwili. Alitikisa kichwa.

"Hizi hazikulala, mke wangu. Hizi zimezikwa."

Siku mbili alizunguka kwa wauza vyuma chakavu. Siku ya tatu, nyuma ya rundo la milango ya magari, alikuta mifupa ya pikipiki ya aina ileile, mita zake mbili bado zimekaa mahali pake, vioo vizima. Alizibeba nyumbani ndani ya shati lake kama mtu aliyebeba mayai. Alizisafisha, akazitia mafuta tone kwa tone, akasugua vioo mpaka vikang'aa.

Jumamosi asubuhi waliitoa pikipiki uani. Kwa mara ya kwanza mkunga ndiye aliyekuwa msaidizi, ameketi kwenye kigoda, spana zimepangwa kwenye kitambaa cheupe kama vifaa vya chumba cha kujifungulia.

"Spana namba kumi."

"Spana namba kumi."

"Bisibisi ndogo."

"Bisibisi ndogo. Sukuma, baba, sukuma!"

Dada yake fundi, aliyekuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, alicheka mpaka akaweka chini beseni la nguo.

Fundi alifungua taa ya mbele, akachomoa nyaya za vibalbu vya mita, na kila waya aliufunga uzi wa rangi yake ili usije ukapotea njia wakati wa kurudi. Kisha akalegeza zile kebo mbili zinazoleta mzunguko, moja kutoka gurudumu la mbele, moja kutoka kwenye injini. Mita za zamani zikatoka, mpya zikaingia. Akakaza, akafuta mikono, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake.

"Na hii nati?" mkunga aliuliza.

"Hiyo ya akiba."

"Ya akiba ya nani? Nimeiona inatoka humo."

Walifungua tena. Nati ilikuwa ya kushikia taa. Wifi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na kifua.

Mkunga alipozunguka mtaani mara moja, mishale yote miwili iliinuka, na fundi aliruka pale langoni kama aliyefunga bao.

Jumatatu jioni mke alirudi kutoka kazini, akavua helmeti, akasimama mlangoni.

"Fundi, mita yako inasema uongo."

"Mita haisemi uongo. Haina mdomo."

"Njia yote sikio linaniambia sitini. Mshale unasema arobaini, tena haufiki."

"Sikio lako lina miaka hamsini na nane."

"Na mita yako ina mingapi?"

Walikula wakiangalia sahani. Wifi alivumilia, mwisho akashindwa.

"Nyie watu wazima, si mpande wote mkapime yaishe?"

Nyumba nzima ilijua kwamba fundi, miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kukalia pikipiki ile. Tangu ujana aliogopa vyombo vya magurudumu mawili, akisema Mungu alimpa miguu miwili na hakumwambia aibadilishe. Wakialikwa mahali, mke alitangulia na pikipiki, mume akafuata na basi, wakakutana kwenye lango la wenyeji kama watu wasiojuana. Mkunga hakuwahi kumcheka kwa hilo. Alikuwa ameona wanaume wakubwa zaidi wakizimia mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.

Lakini sasa ilikuwa imeguswa kazi ya mikono yake. Asubuhi fundi alitokea uani amevaa koti la mvua, ingawa hapakuwa na wingu hata la kusingizia, na shingoni amening'iniza saa ya kupimia mbio.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye barabara yenye mawe ya kilomita. Kabla sijabadili mawazo."

Wifi alifungua lango bila kutania.

Mwanzoni fundi alimkumbatia mkewe hadi akakosa pumzi. "Shika kiuno, usinikabe!" mkunga alipaza sauti. Mume alilegeza kidogo, macho kayafumba. Lakini kipimo hakipimwi kwa macho yaliyofumbwa. Walipotoka mjini na barabara kunyooka, ilimbidi ayafumbue atafute mawe. Aliona miti inapita, ukuta mrefu wa kiwanda, mtu kwenye ngazi anapaka rangi bango. Aliona pia shingo ya mkewe chini ya helmeti, imekaa imara, haina habari.

"Nakwenda sitini yangu," mkunga alisema. "Jiwe hilo! Hesabu!"

Fundi alibonyeza. Jiwe la pili lilipopita akabonyeza tena. Sekunde sitini na moja. Waligeuza, wakarudia: hamsini na tisa. Mshale, safari zote mbili, ulikaa chini kidogo ya arobaini.

Walisimama kando. Fundi alishuka, akakaa juu ya jiwe.

"Kilomita moja kwa dakika moja," alisema polepole. "Dakika sitini kwa saa. Sitini. Sikio limeshinda."

Mkunga alizima injini.

Fundi alitoa lenzi yake mfukoni, akaishika mbele ya mita, akainama. Chini kabisa ya uso wa mita, mahali ambapo mshale haufiki, kulikuwa na maneno madogo kama punje za mchanga. Aliyasoma. Akaanza kucheka, akacheka mpaka lenzi ikamdondoka majanini.

"Maili! Imeandikwa maili kwa saa! Ilitengenezewa nchi ya watu wa maili. Siku mbili nimeisugua, nimeisafisha, wala sikuisoma!"

"Kama wagonjwa wangu," mkunga alisema. "Karatasi ya dawa wanaisoma wakishameza."

Walicheka wote wawili pale kando ya barabara, na mwenye lori mmoja akapiga honi akidhani wanaomba msaada.

Wiki ile fundi alifanya kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Aliufungua uso wa mita, akapiga hesabu ishirini inakaa wapi, arobaini wapi, sitini wapi, mpaka mia. Kisha akachukua brashi ya nywele tatu, ile ya kurudishia namba kwenye saa za zamani, akaandika kilomita kwa rangi nyeupe huku amezuia pumzi. Alipofika kwenye kidirisha kinachohesabu safari alimwita mkewe.

"Humu mna safari za mtu mwingine. Nizirudishe sifuri?"

Mkunga alitazama. "Ziache. Naye alikuwa na alikokwenda. Zangu zimo kwenye ile ya zamani, tuiweke kabatini."

Walirudi kwenye mawe kupima. Kilomita moja, dakika moja, mshale juu ya sitini kama umegundishwa. Mara moja ilitosha. Fundi alisema mizani hupimwa mara tatu, wakapima mara tatu. Safari ya tatu mkono wake mmoja tu ndio ulioshika kiuno.

Siku ya kurudi kukaguliwa, mkaguzi aliinama mbele ya mita muda mrefu kuliko alivyoinama kwenye breki.

"Namba hizi nani kaandika?"

"Mume wangu."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Na pumzi."

Aligonga muhuri. Kisha, akimrudishia karatasi, aliuliza kibanda cha huyo mume kiko wapi, maana baba yake mzazi ana gari la zamani ambalo mita zake zimenyamaza miaka.

Mzee yule alikuja, akaleta na rafiki yake, na rafiki akaleta mwenye trekta. Kufikia mwisho wa msimu wa mvua, betri na mikanda vilikuwa vimesukumwa pembeni mwa meza, na katikati kulikuwa na mita za kila umbo, zimelazwa chali, matumbo wazi. Mchana mmoja mkunga alipita na chakula, akamkuta mumewe ameinama juu ya mita kubwa kama sahani, anapiga mluzi.

"Hii ya nini tena?" aliuliza.

"Ya boila la kiwanda cha sabuni."

"Na utakula saa ngapi?"

"Nikimaliza tarakimu hii. Kaa, usitikise meza."

Mkunga alivuta kigoda, akafunua chakula, akakaa akimsubiri.