Uso wa Mwene Usiopitishwa Chuma

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya kuchapa picha ya Mlowo, sikupewa patasi. Mwalimu wetu Mjapani, aliyekuja kujitolea, alitusimamisha mbele ya picha za watawala wa kale wa kwao, zilizochapwa kwa mbao. Kofia nyeusi, nyuso nyeupe.

“Nani aliwaona?” nikamuuliza.

“Hakuna. Mchongaji alisimuliwa, akachonga.”

Nikasema moyoni, kazi ya uongo hii! Vijana, nikadumu nayo hadi kustaafu.

Kazi ilikuwa hivi. Unachora kwenye karatasi nyembamba, unaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mpera, unachimba. Kisha unapaka wino, unalaza karatasi nyingine, unaisugua kwa maganda makavu ya mahindi, taratibu. Ukiwa na papara, umeharibu.

Mwalimu alipoondoka, Mkuu wa Karakana, mtu asiyecheka, akaniita. “Nenda Isansa. Wanataka sura ya mwene wao wa zamani. Picha hakuna. Binti yake ndiye pekee anayeikumbuka, na macho yanamwishia. Fanya upesi.”

Mwene ndiye mtemi wetu sisi Wanyiha. Binti huyo, sasa bibi mzee, alinikaribisha vizuri, chai na viazi, mpaka alipoona patasi.

“Ondoa chuma chako! Uso wa mwene haupitishwi chuma. Nikuruhusu umkate baba?”

Akinyamaza yeye, sura ile inakwenda naye kaburini. Nikatoa ubao wa picha nyingine niliokwisha kuuchonga, nikamwekea mkononi.

“Shika, Bibi. Penye shimo ndipo patasi ilipopita. Palipoinuka sikupagusa. Sura ni mti uliobaki.”

Akapapasa kwa muda mrefu. “Kumbe unamwondolea tu vinavyomzunguka?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Basi chora. Paji lake lilikuwa pana.”

Nilichonga kwa hofu. Nilipompelekea picha pamoja na ubao wake, macho yake yalikuwa yamekwisha kuzima. Nimechelewa! Roho iliniuma, nusura nilie mbele yake.

Akaisukuma karatasi. “Hiyo yenu wenye macho. Nipe mti.”

Vidole vikapita kwenye paji, pua, midomo. Akapiga magoti.

“Shikamoo, baba.”

Sikuthubutu kumwomba anirudishie ubao. Mkuu alifoka: bila ubao tutachapa nini? Nikamwambia akaudai mwenyewe. Hakwenda.

Nilipostaafu, mbao zangu zote niliziacha karakana, ila mmoja. Ule wa mwene uko Isansa kwa wajukuu wa Bibi, na yeye ametangulia. Hauchapiki tena. Pua imesawazika kwa kuguswa.