Matonge ya majirani nusura yamrudishe mjukuu wangu mwaka kwenye masomo ya lishe

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu kama mmo humu shikamooni, nyie wengine shikamoo yangu naisubiri.

Mie ni bibi, nakaa Kwamndolwa hapa Korogwe. Shule niliishia darasa la tatu, hii simu kanifundisha mjukuu, mkiona herufi zimepandana vumilieni. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Chumvi nayo nimekatazwa.

Huyo mjukuu anaitwa Zaina, nimemlea tangu anatambaa. Anasomea lishe, ile kazi ya kukaa hospitali unampangia mgonjwa ale nini na kiasi gani.

Mwanzoni nilimcheka. "Yaani Zaina unaenda chuo kujifunza kula?"

"Cheka tu bibi, wa kwanza kunyimwa ni wewe."

Na kweli. Mie nina sukari.

Mwaka wa mwisho wakapelekwa fildi, yeye akapangiwa hospitali moja Handeni. Kila mwanafunzi atafute mtu mmoja mwenye sukari, amfuate wiki sita, aandike kila anachokula, halafu ripoti aitetee mbele ya msimamizi. Ukianguka hapo unarudia mwaka.

Zaina akanichukua mie.

Basi kila siku baada ya magharibi simu inaita. Shikamoo bibi, leo umekula nini? Namtajia. Ugali wa ngumi yangu moja, mboga ya mchunga, maharage kidogo, chai kavu. Anaandika. Jumatatu naenda zahanati napimwa, namtumia namba.

Wiki ya kwanza sukari juu. Ya pili juu. Ya tatu ndio imepanda kabisa, na dawa nameza kama nilivyoambiwa.

Akanipunguzia ugali. Wapi.

Wiki ya nne akapiga mchana, si saa zake. Sauti imemkauka. Msimamizi kaangalia daftari, kaangalia na namba, kamwambia anayekula hivi hawezi kuwa na sukari hii, wewe umekaa chumbani ukajiandikia. Ijumaa aende kujieleza, akishindwa jina linapelekwa chuoni.

Nikabaki nimeshika simu.

Maana wakuu, mie nilikuwa najua.

Wallahi sikukusudia kumdanganya. Kaniuliza nimekula nini, nimemwambia nilichopika. Lakini kwetu huku ukipita kwa mtu ukawakuta wanakula, unakaribishwa, unanawa, unakata tonge mbili tatu unaenda zako. Ukikataa wataona unawaogopa, unadhani watakuwekea sumu. Na mie napita kwa wengi, mdomo huu haukai nyumbani.

Halafu ukirudi kwako husemi. Cha watu kinaishia huko huko. Ukianza kutaja fulani kapika hivi, kwa fulani hamna mboga, wewe ni mtu mzima hovyo. Ndivyo nilivyolelewa.

Siku mbili zilizobaki kabla ya Ijumaa sikukaa sawa. Nikisema, natangaza vyungu vya watu mbele ya wasomi. Nikinyamaza, mtoto anarudia mwaka kwa ajili ya tumbo langu.

Nikaenda kwa jirani yangu Mama Eliza, huyu wazazi wake walikuja zamani kukata mkonge. Bada lake ndilo nilikuwa nalila kuliko vyote, ule ugali wa makopa ya muhogo. Nikamweleza huku nimeinamia chini.

Akasema, "Bibi Zaina, litaje tu bada langu. Na useme lilikuwa tamu."

Ijumaa nikaenda Handeni. Msimamizi ni mama mmoja wa miwani, hacheki. Zaina kakaa pembeni, vidole anavivunja vunja. Nikataja yote. Kwa Mama Eliza matonge matatu, msibani wali, kwa shemeji chai ya maziwa na viazi. Nilipomaliza jasho limelowesha kanga.

Yule mama akamgeukia Zaina. "Ulimuuliza kala nini kwa watu?"

"Hapana, madam."

Yule mama akafunga daftari.

"Hujajiandikia. Ila hujauliza. Nakupa wiki tatu, anza upya."

Basi tukabuni hivi. Kila tonge la kwa watu, natia punje ya hindi kwenye pindo la kanga nafunga. Jioni nafungua, namhesabia Zaina kwenye simu. Nyumba ya nani, hataki kujua. Hapo adabu yangu ikabaki salama, na nikajifunza kukata tonge moja la heshima na kunyanyuka.

Siku ya kutetea ripoti nilikwenda na vifuko vitatu vya zile punje, kila wiki na chake, nikamwaga mezani. Wiki ya kwanza punje thelathini na moja. Ya mwisho tisa, na sukari imeshuka. Yule mama kazihesabu kwa kidole, mpaka mwisho. Kisha akasaini.

Zaina kafaulu, wakuu. Siku hizi kila mgonjwa anamuuliza, na kwa watu umekula nini? Anasema wengi wanaangalia chini kwanza.

Mie nilichokiona ni hiki, kumsitiri jirani sawa, lakini mtu wa lishe mwambie yote, kazi yake inasimama kwenye mdomo wako.

Sasa nyie wenye sukari mnaokula kwa watu na kunyamaza, jitajeni hapo chini. Naanza mie: leo punje mbili, na kwa Mama Eliza bado sijapita.