Kadi ya Wazungu Aliyomo Baba

Mke wangu husema ninakusanya takataka zenye stempu, na kwa upande mmoja hajakosea. Picha za harusi yetu nimezihamishia kwenye bahasha ya kaki, na ndani ya albamu nimepanga postikadi za zamani za Lushoto na milima yetu. Hajanisamehe hadi leo.

Lakini ukizianza huziachi. Ipo ya enzi za Wajerumani, mji ukiitwa Wilhelmstal: barabara kuu tupu, mbwa kajilaza katikati bila wasiwasi wowote. Leo akijaribu kulala pale, mabasi ya Mombo hayatamwachia hata mkia. Ipo nyingine yenye msitu mnene mahali ambapo mimi nimekuta kabichi na karoti tu. Na ipo ya maporomoko ya Soni, ambayo nyuma yake wameandika kwamba ni Kilimanjaro. Hiyo naipenda kuliko zote. Humtolea kila mgeni anayejifanya kuijua nchi hii.

Nisijisifu, sikuanza kwa kupenda historia. Nilianza kwa sababu ya mama. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwenye barabara kuu, akafariki mimi nikiwa bado nanyonya. Picha yake ilikuwa moja tu, nayo iliungua pamoja na nyumba. Ila mama hakuchoka kuniambia, "Baba yako yumo kwenye kadi ya Wazungu." Alidai kwamba siku moja alipita mpiga picha, na baadaye picha ile ikawa inauzwa hotelini. Shangazi zangu walikuwa wakitazamana na kucheka chinichini, jambo lililoniudhi sana. Sasa mama amepita miaka themanini, jicho moja limezibwa na mtoto wa jicho na la pili limeanza ukungu. Kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na jicho.

Tatizo likawa neno lenyewe. Hapa kwetu ukibisha hodi na kusema umefuata kadi, mtu hasikii kingine ila mchango wa harusi. Jirani mmoja alinijibu akiwa ndani, hata hajaniona, "Mimi nilishachanga Jumapili!" Mzee mwingine alinitolea kadi yake ya chama, imefungwa kwenye nailoni, akataka niikague. Mama mmoja aliniletea kadi ya kliniki ya mwanawe, ambaye leo ana ndevu na anaendesha lori. Niliisoma yote kwa heshima. Uzito ulikuwa unapanda vizuri.

Mwaka jana nikaelekezwa kwa bibi aliyewahi kufanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya zamani. Nikamwambia, "Bibi, nimefuata zile kadi."

"Mwanangu, harusi zenu zitatumaliza," akasema. "Hela sina. Kama unataka kadi tupu, zimo kwenye droo ya vijiko, nimezitandika chini. Zibebe uende kwa amani."

Nikaanza kutoa vijiko. Kadi ya tatu nilipoipangusa nikalitambua baraza mara moja, lile ambapo siku hizi wanauza simu. Palikuwa na cherehani, na mwanamume ameinamia kitambaa. Alikuwa ameinama mno. Ulionekana utosi na sikio moja, basi. Nilisikia uchungu, sitaficha. Miaka yote ile ya kuchekwa, na nilichopata ni utosi!

Hata hivyo nilimpelekea mama. Aliisogeza dirishani, akaielekeza kwenye jicho lake lenye nafuu, akakaa nayo muda mrefu.

"Ndiye," akasema.

"Lakini uso hauonekani, mama."

"Uso wa nini? Tazama mguu."

Nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa peku juu ya pedali, na kiatu kimewekwa kando, kimenyooshwa vizuri.

"Alisema akivaa kiatu haisikii mashine," mama akasema. "Nimemgombeza mpaka nimechoka. Watu wanapita, fundi mzima mguu nje!"

Kisha akahamia Kishambaa, akaanza kusema na ile kadi upesi upesi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitumia kwa mtu mwingine. Nilibaki nimemkodolea macho yule mtu, nikilipima sikio lake na langu.

Mama akanigeukia, mkali kweli.

"Wewe! Unamtazama tu mzazi wako hivyo? Hata hujamwamkia!"

Nina miaka hamsini na miwili, nina wajukuu. Nikaona aibu, halafu aibu ikaniisha.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Mama akasubiri kidogo, akimpa nafasi. Kisha akaitikia yeye.

"Marahaba, mwanangu."